Upepo Haufungui Fundo

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa ufunguo mwekundu wa umeme wa boti. Ni kipande cha plastiki tu, kinachozungushwa ili betri ikubali kutoa moto, lakini bila hicho injini haitoi hata kikohozi. Baba mkwe alikuwa akiutundika siku zote kwenye msumari ulio juu ya ngazi ya kushukia chumbani. Asubuhi ile ya Septemba nilimkuta amesimama chini ya msumari mtupu, mikono kiunoni, bado amevaa koti la mvua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeugusa ufunguo wangu?"

Hakuwahi kuniuliza jambo lolote kabla ya kuniuliza nilivyoamka. Nikamwambia sijaugusa. Akanitazama kidogo, kisha akaanza kuinua magodoro ya vitanda na mifuniko ya masanduku. Hata birika la chai alilifunua akachungulia ndani. Nilimsaidia kutafuta mpaka tukabaki tumesimama mikono mitupu katikati ya chumba kile, ambamo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi.

"Mtu ameingia humu," akasema.

Kazi yangu ni kuwatunza wazee kwenye makazi yao, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Mtu ameingia. Mtu amechukua. Mwanzo wa ugonjwa wa kusahau huwa hivyo, na baada ya mwanzo huo huwa najua kinachofuata.

Baba mkwe alikuja huku kijana, kutoka Singida, kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori cha Södertälje, hapa Uswidi. Mafunzo yalipokwisha alibaki, akaoa mwanamke wa huku, akapata mtoto mmoja, ambaye ndiye mume wangu, na akafanya kazi katika kiwanda kilekile mpaka alipostaafu. Ni mtu wa nchi kavu kabisa. Aliniambia kwamba alipofika alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Boti aliinunua wakati mkewe bado yuko hai, ikiwa imechakaa, na kila kilichomo amekifumua na kukifunga upya kwa mikono yake. Mke akafariki kabla mimi sijafika. Boti ikabaki, imefungwa kwenye gati ya chama kidogo cha wenye boti, kwenye ziwa, chini ya maghorofa ya Vårby gård tunakokaa sote: yeye jengo lake, sisi letu.

Mume wangu hapendi maji. Kwa maneno yake mwenyewe, utoto wake wote aliumaliza akitapika ndani ya boti ile, na mpaka leo ukimwuliza mbele ya boti ni wapi anafikiri kwanza. Kwa hiyo msaidizi wa boti nikawa mimi. Kwetu Rungwe, zamani, mke alipokutana njiani na baba wa mumewe alijitosa kwenye migomba mpaka apite. Bibi yangu angesikia kwamba mimi napiga magoti bega kwa bega na baba mkwe juu ya injini, angeomba kwanza kiti akae. Nami mwanzoni niliona haya. Yeye alilimaliza jambo hilo siku ya kwanza. Alinipa spana akasema, "Humu ndani hakuna mkwe. Kuna fundi na msaidizi wake." Basi kila vuli tukawa tunaiandaa pamoja kwa ajili ya majira ya baridi, na nilijifunza kazi ile mpaka nikaipenda.

Lakini vuli ile ilikuja baada ya Julai mbaya. Siku moja ya Julai baba aliteleza akitoka kwenye boti na kuangukia majini, katikati ya boti na gati, akagonga kichwa. Aliyemvuta ni rafiki yake ambaye boti yake ilifungwa jirani, mzee wa Kiganda aliyekuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu. Mzee huyo alikimbia kwao miaka ya machafuko, akapitia Nairobi, na Kiswahili chake alikipata huko njiani. Katika chama kizima walikuwa Waafrika wawili tu, na kwa miaka mingi walikuwa kama kidole na kucha. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa kufuli la boti ya mwenzake.

Baba alilazwa siku chache, akatoka na mshono kichwani. Mume wangu alimwambia auze boti. Alimwambia hospitalini, akamwambia tena nyumbani, akamwambia kila Jumapili tulipokwenda kula kwake. Huwa anasema Kiswidi na baba yake hujibu Kiswahili, kila mmoja akielewa mwenzake vizuri kabisa.

"Pappa, sälj båten," alikuwa akisema. Baba, uza boti.

"Nikiiuza nitafanya nini? Nikae dirishani nihesabu mabasi?"

Mazungumzo yakawa yanaishia hapo, kila wiki, mpaka mume wangu akaacha kuyaanzisha. Nilidhani amekubali yaishe.

Wiki moja baada ya ufunguo kupotea, tulikuwa nyumbani kwa baba. Mume wangu alikuwa anapika, akaniomba nimtolee mayai kwenye friji. Nikafungua boksi la mayai. Katikati ya mayai, kwenye tundu lake kama yai la saba, ulikuwa umekaa ule ufunguo mwekundu.

Niliufunika haraka. Sijui kwa nini nilitaka kuficha. Labda ni mazoea ya kazi, kwamba mtu asiaibishwe mbele ya watu. Lakini mume wangu alikuwa nyuma yangu, ameona. Akaniangalia kwa macho yaliyojaa maji, akatikisa kichwa polepole.

"Ona sasa," akasema kwa sauti ya chini.

Nilimshika mkono. Niliona uchungu wa mtoto anayempoteza mzazi, na nikaumia pamoja naye. Baba akaonyeshwa ufunguo. Aliuchukua, akaugeuzageuza, akalinusa boksi la mayai kana kwamba lingemjibu.

"Sikuuweka mimi," alisema.

"Baba, mtu yeyote husahau."

"Nimesema sikuuweka mimi."

Tangu siku hiyo nikawa namtazama kwa jicho la kazini. Nilisikiliza kama anarudia hadithi. Nilihesabu vifungo vya shati lake. Nilimwuliza mambo ya juzi huku nikijifanya nimeyasahau mimi. Yeye naye aliliona jicho langu, maana si mjinga, na akaanza kuongea nami kwa tahadhari, kama mtu aliye mbele ya askari. Tulikuwa tukicheka sana ndani ya boti. Tukaacha.

Kisha kikapotea kitu cha pili: gurudumu dogo la mpira la pampu ya maji, ambalo hubadilishwa kila mwaka. Lilikuwa jipya, bado kwenye pakiti, na aliliweka mwenyewe kwenye sanduku la vifaa. Safari hii hakuniuliza mimi. Alisimama kwenye gati akaitazama boti ya jirani yake kwa muda mrefu.

"Mwenye ufunguo wa kufuli langu ni mmoja tu," akasema.

"Baba! Huyo ndiye aliyekuvuta majini."

"Ndiyo. Na tangu anivute ananitazama kama mtu anayenidai."

Nilijaribu kumtoa katika mawazo hayo, lakini hata juhudi zangu hizo alizishuku. Baba hakumfikiria mwanawe hata kidogo. Mtu asiyejua mbele na nyuma ya boti angetaka nini na gurudumu la pampu? Asubuhi iliyofuata yule mzee wa Kiganda alipita kwenye gati na mfuko wake wa mkate, akasema kama kawaida, "Habari ya asubuhi, ndugu yangu." Baba aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Mzee alisimama kidogo, akanitazama mimi, akaendelea na safari yake.

Ni mimi niliyemshawishi baba aende kupimwa kumbukumbu kwenye kituo cha afya. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mwanawe awepo, "ili mwishowe mseme wote mmesikia." Tulikaa nje, mume wangu na mimi, huku ndani wanamwuliza tarehe, wanamtaka akumbuke maneno, wanamchoresha maumbo. Alipotoka, daktari alisema kwamba kwa umri wake anaendelea vizuri sana. Akashauri tu wamwone tena baada ya muda. Baba akavaa kofia yake.

"Sasa mmefurahi?" akauliza.

Mimi nilifurahi, kusema kweli. Nikamgeukia mume wangu nimwonyeshe furaha yangu, na uso niliouona haukuwa na furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyekosa treni. Ulidumu kidogo sana, kisha akatabasamu, akamshika baba yake bega. Nilijiambia kwamba amechoka. Lakini uso ule haukunitoka.

Siku ya kreni ilikuwa katikati ya Oktoba. Siku hiyo chama kizima hukusanyika, na boti hutolewa majini moja baada ya nyingine, zikining'inia hewani huku zikichuruzika maji. Yetu ilipotua kwenye stendi zake baba aliipiga tumbo kwa kiganja, kama mtu anayempokea ng'ombe kutoka machungani. Tuliosha ule utelezi wa kijani kwa mpira wa maji ya kasi mpaka nguo zetu zikalowa. Tukamwaga mafuta machafu ya injini. Baba alikuwa amenunua gurudumu jingine la pampu na kulitia mfukoni mwake, na hakulitoa mpaka lilipohitajika. Kisha nikashika ndoo ya glikoli, ile dawa inayozuia maji yasigande ndani ya injini na kuipasua, naye akawasha. Injini ilikunywa ndoo nzima, na nyuma ya boti ukatoka mkojo wa rangi ya waridi. Kila mwaka hilo hutuchekesha. Mwaka huo alitabasamu upande mmoja.

Tukatoa betri, tukatoa magodoro, tukaacha mifuniko yote wazi ili hewa ipite. Mwisho likaja turubai. Tuliliweka juu ya fremu ya mbao iliyo kama paa la nyumba, tukalivuta pande zote, na baba akaanza kufunga. Nilimshikia kila kamba. Alifunga fundo lake lilelile, lile ambalo kamba hupita kwenye kitanzi, ikazunguka, ikarudi ilikotoka, kisha akalivuta kwa uzito wake wote. Alipomaliza alizunguka boti nzima akilijaribu kila fundo kwa kidole gumba.

"Umeona nimefunga?" akaniuliza.

"Nimeona, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Basi kumbuka kwamba umeona."

Wiki iliyofuata ilikuja dhoruba ya kwanza ya vuli, upepo na mvua vikachanganyika na theluji nyepesi. Palipotulia baba alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa shwari kupita kiasi. "Njoo uone," alisema tu.

Upande mzima wa turubai ulikuwa umelala chini kwenye matope. Ndani ya boti maji yalisimama juu ya sakafu, yameanza kuganda pembeni, na mbao ambazo baba alizipaka vanishi majira ya kuchipua zilikuwa zimevimba. Baba hakuwa anatazama maji. Alikuwa ameshika ncha ya kamba, akanipa niishike.

"Imekatika?" akauliza.

Niliitazama. Ilikuwa nzima, na bado ina mkunjo pale fundo lilipokuwa.

"Haijakatika."

"Upepo hukata kamba. Upepo hupasua turubai. Lakini upepo haufungui fundo, mwanangu. Fundo hufunguliwa na vidole."

Hapo ndipo jicho langu la kazini lilipofumba. Nisingekuwepo siku ya kufunga, ningesema amesahau, na ningeandika jambo hilo kichwani pamoja na mayai na pampu. Lakini kamba hizo nilizishika mimi. Kama akili yake ilikuwa imepotea, basi na yangu ilipotea siku ileile na mahali palepale.

Baba alikuwa tayari ameamua mwizi ni nani. Alitaka kwenda kwa mwenyekiti wa chama kumshtaki mzee wa Kiganda, aondolewe. Nilimwomba anipe siku mbili. Sikuwa na mpango wowote. Sikutaka tu neno hilo litoke kinywani mwake likafika mahali pasipo na kurudi.

Kesho yake nilishuka kwenda kuchota maji kwenye boti. Mzee wa Kiganda alikuwepo, anakaza kamba za turubai lake. Aliponiona alisita, kisha akaja.

"Mama, hujambo. Mimi naona Mzee hanisalimii tena. Kama nimekosa, wewe niambie."

"Hujakosa, mzee. Vitu vimepotea, na yeye ana mawazo mengi."

Akaitazama boti yetu, akagonga ulimi kwa masikitiko. "Hii upepo ilikuwa mbaya. Lakini Mungu amewapa mtoto mzuri. Bwana yako, hata siku ya kazi anakuja kuangalia boti ya baba yake. Mimi nikasema, huyu mtoto ana heshima."

Nilikuwa nimeinama na ndoo. Nikabaki nimeinama.

"Alikuja lini, mzee?"

"Jumatano, mbele ya upepo. Mchana. Alikuwa anashikashika kamba pande ile. Mimi nikampungia mkono, yeye akaenda mbio, nafikiri alichelewa kazini."

Nilimshukuru. Nilichota maji mpaka vidole vikafa ganzi, maana sikutaka kufika nyumbani haraka. Jumatano mume wangu alikuwa Södertälje ofisini. Ndivyo alivyoniambia, jioni hiyo alinisimulia hata chakula alichokula huko. Wazo la kwanza lilikuwa lile la kila mwanamke, na kwa muda nilimtafuta mwanamke mwingine kati ya stendi za boti. Halafu nikayakumbuka mayai.

Mwaka mmoja nyuma, kwenye makazi ninakofanya kazi, tulikuwa na bibi aliyeficha miwani yake kwenye boksi la mayai. Tuliitafuta siku nzima. Niliporudi nyumbani nilimsimulia mume wangu, na nikamweleza kwamba hiyo ni dalili inayojulikana, vitu kuwekwa mahali pasipo pake, na kwamba familia zikiona hivyo ndipo huanza kumnyang'anya mtu funguo za gari, ingawa wengine huziachia wenyewe. Nilimsimulia yeye peke yake. Baba mkwe hakuwepo. Mzee wa Kiganda hakuwepo.

Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni, anapaka mkate siagi. Mimi humsemesha Kiswahili, naye hunijibu Kiswidi. Ndivyo ndoa yetu inavyozungumza.

"Jumatano ulikuwa wapi mchana?"

"Kazini."

"Ulionekana kwenye boti."

Aliendelea kupaka siagi, mpaka pembe zote za mkate. Kisha akaweka kisu chini.

"Nilikwenda kuona kama limefungwa vizuri."

"Na lilikuwa limefungwa vizuri?"

Akafunika siagi.

"Nakuuliza kwa sababu kamba nilizishika mimi. Na ufunguo kwenye mayai. Hilo boksi ulinituma wewe nilifungue."

Alikaa. Akausukuma mkate kando.

"Wewe mwenyewe ulisema," akasema. "Ulisema wengine wakishaona dalili, huachia wenyewe bila ugomvi. Nilitaka aachie."

"Ulitaka baba yako aamini kwamba akili yake inakwisha."

"Nilitaka awe hai!" Alisema kwa sauti kubwa mpaka tukashtuka wote wawili. Kisha, polepole: "Hukumwona Julai. Ulikuwa zamu. Mimi nilifika wakati bado amelala kwenye mbao za gati. Alikuwa na midomo ya buluu. Nimemwomba kwa wema, umenisikia. Kila Jumapili. Amenicheka."

"Na angekubali, ungemwambia lini kwamba yuko mzima?"

Nadhani hakuwa amefika huko katika mawazo yake. Nadhani pia, na hili sikumwambia, kwamba asingemwambia kamwe. Nilimhurumia mume wangu siku ile, na papo hapo nilimwogopa. Sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye kiti kimoja. Nilimwambia kwamba atasema mwenyewe, au nitasema mimi, na kwamba kuna mzee mwingine anayekaribia kuitwa mwizi kwa ajili yake. Kuhusu hilo la pili alikuwa hajui. Alifunika uso.

Jumapili tulikwenda. Baba alikuwa ametayarisha chai na maandazi. Mume wangu hakuvua hata koti. Akasimama mbele ya meza na akaanza kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha utotoni kilichovunjika, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia kwa sentensi mbili mfululizo.

"Baba. Mimi nimekuibia. Ufunguo, mimi. Pampu, mimi. Ufunguo wa kufuli nilichukua hapa kwako, nikarudisha. Turubai, mimi. Wewe si mgonjwa."

Baba aliweka kikombe chini. "Na mayai pia?"

"Ndiyo."

"Na kule kwa daktari. Ulikaa nje unasubiri waseme nimepungua?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda, si kwa hasira, bali kama fundi anayesikiliza injini akitafuta inagonga wapi. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua?"

"Tangu juzi, baba. Kabla ya hapo nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nilikuwa nakuona."

Akainuka, akavaa koti na kofia, akatoka, akatuacha na maandazi yake. Tulimwona kutoka dirishani. Tulidhani atashuka ziwani, lakini alikata kulia, akaingia kwenye mlango wa jengo analokaa mzee wa Kiganda. Alikaa huko mpaka jua lilipozama. Yaliyosemwa nilisimuliwa baadaye na mwenyeji mwenyewe, kwa ufupi.

"Alisimama mlangoni akasema, ndugu, mimi nimekuita mwizi ndani ya roho yangu. Mimi nikamwambia, vua viatu, ingia, chakula inapoa."

Jumamosi iliyofuata mume wangu alipanda kwenye boti, kwa mara ya kwanza katika miaka ambayo nimemjua, na kuchota barafu na maji kwa kopo. Baba alisimama kwenye ngazi nje, hasemi naye. Alisema nami. "Mwambie mumeo abandue ule ubao wa kati." Nami nilikuwa hatua moja tu kutoka kwa mume wangu, nikamwambia abandue ubao wa kati. Tulifanya kazi hivyo mpaka ikakauka. Turubai lilifungwa upya. Baba alifunga mafundo yote mwenyewe, na alimwomba mzee wa Kiganda amshikie kamba.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Jumapili tulikula kwake kama kawaida, lakini chumvi iliombwa kupitia kwangu. Februari, wakati nje hata ziwa lilikuwa kimya, mume wangu alimwambia, tena kwa Kiswahili kile, "Baba, siombi uuze. Naomba uvae jaketi la kuelea, na usiende peke yako." Baba alitafuna akameza. "Hilo," akasema, "ungeliomba Julai, ningekukubalia Julai." Lakini alikwenda dukani akalinunua jaketi, na siku ya kushusha boti majini alilivaa tangu nyumbani, akapita nalo katikati ya maghorofa mbele ya watu wote.

Kufuli alilibadilisha. Ufunguo mmoja anao mzee wa Kiganda, mmoja ninao mimi. Mwanawe hajaomba wala hajapewa. Wanaongea sasa, mpira, hali ya hewa, bei ya dizeli, na mgeni akiwaona hatajua kwamba palitokea neno.

Msimu huu wote wazee wawili wameondoka pamoja, mmoja kwenye usukani, mwingine akikunja kamba, wakibishana Kiswahili cha Singida na cha Nairobi mpaka sauti zinapotea. Mume wangu hushuka kuwasindikiza. Hajakosa hata mara moja. Husimama mwisho wa gati, mikono mifukoni, mpaka boti inapozunguka nyuma ya miti. Nami husimama karibu naye. Yeye hutazama boti, na mimi humtazama yeye, nikijaribu kusoma uso wake, na sijaweza bado.